Waliomtafuta Mama Bure

Kwii. Kitanda cha mama kililia mara moja gizani, kikanyamaza.

Upande wa pili wa pazia, juu ya godoro lake, Chachu alikuwa macho, anasikiliza. Zamani kitanda kile kililia mara mbili kila alfajiri: mara ya kwanza mama akigeuka, mara ya pili akiinuka. Kisha zilifuata ndara zikiburuzwa sakafuni, maji yakimiminwa kwenye beseni, na kikohozi kidogo cha mtu anayewahi kazini. Siku hizi kililia mara moja tu. Maana yake mama amegeukia ukutani, na siku ndiyo imeanza hivyo.

Basi Chachu akainuka yeye. Alichemsha chai, akakata mkate, akaweka kikombe juu ya kistuli karibu na kichwa cha mama. Akaondoa kikombe cha jana. Kilikuwa kimejaa vilevile, kimefanya utando juu. Akamwaga, akaosha, akavaa sare ya shule, akafunga mlango polepole kama anayemfungia mtoto aliyelala.

Chachu halikuwa jina lake la ubatizo. Mama yake alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Alimzaa binti mdogo kama ngumi, lakini ndani ya mwezi mmoja yule binti alifura mashavu kama donge lililoachwa karibu na tanuri. Mama akamwita Chachu, na mtaa mzima ukafuata. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, na jina limebaki.

Wiki saba nyuma, mama alikwenda hospitali na mfuko wenye nguo ndogo nne na kofia moja. Alirudi na mfuko uleule. Mtoto, wa kiume, alizaliwa ameshafariki. Baba, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu, alizika, akakaa siku kumi, kisha mwajiri wake akapiga simu mara ya tatu. Akaondoka akiwa ameshika kofia mkononi. Kazi ya mtu haingoji matanga.

Tangu siku hiyo Chachu alifanya kila kitu na hakuhisi kitu. Alifagia, alifua, alipika, alijibu maswali ya hesabu ubaoni na kupata. Sauti ya mwalimu aliisikia kama mtu anavyosikia mvua inayonyesha mtaa wa pili. Siku moja alishika sufuria ya moto bila kitambaa, na aliona kidole kimetoa lengelenge kabla hajajua kwamba kimeungua. Akakitazama tu. Kilikuwa kama kidole cha mtu mwingine.

Si kwamba walikosa watu. Katika kanisa lao palikuwa na kikundi cha akina mama kilichoitwa Dada wa Alhamisi. Walikutana kila Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Walisoma, waliomba, na walicheka kuliko mtoto anavyotarajia kwa watu waliokuja kuomba. Wote waliitana dada, hata mkongwe na bibi arusi wa juzi. Kiongozi wao alikuwa mkunga mstaafu, mama mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye nusu ya watoto wa Shule ya Jumapili aliwapokea yeye duniani. Waliomjua walimwita Mkunga tu, kama kwamba wengine wote hawapo.

Katibu wa kikundi alikuwa fundi cherehani ambaye Chachu alimwita mama mdogo, ingawa hakuwa ndugu wa damu. Yeye na mama walibatizwa siku moja, wakiwa wasichana, katika maji yaleyale. Toka hapo wakaitana Pacha. Pacha akivaa gauni jipya, mama ndiye wa kwanza kuambiwa kama linamkaa. Mama akipata jambo, Pacha ndiye wa kwanza kulisikia. Watu walisema ukimkanyaga mmoja, anayelia ni mwenzake.

Wiki ya kwanza ya msiba Pacha alikuja kila siku. Mama alikuwa bado anakaa, anaitikia, anawaambia wageni asanteni. Watu wakaona afadhali. Lakini mama alikuwa kama chungu kilichopata ufa chini: ukikitazama kwa juu ni kizima. Wageni walipopungua na baba alipoondoka, alilala, asiinuke. Akamwambia Chachu azime simu na kuiweka kwenye droo. Chachu aliiwasha Jumapili jioni tu, baba alipopiga. Akamwambia wanaendelea vizuri.

Wiki ya tatu walikuja wanawake wawili, maana Dada wa Alhamisi walikuwa na desturi ya kutembelea wawili wawili. Alikuja Pacha, na pamoja naye msusi mmoja aliyejulikana kwa jina la Redio. Jina hilo hakupewa kwa ubaya. Redio alikuwa na habari asubuhi, mchana na jioni, na kama hakuna habari aliimba. Walikuta vyombo havijaoshwa, maana Chachu alikuwa shuleni toka asubuhi. Walikuta mama hajaoga, na shuka lina siku nyingi. Pacha aliketi ukingoni mwa kitanda akamshika bega, lakini mama hakugeuka. Waliomba, wakaaga.

Chachu alikuwa ameshafika kutoka shule, yuko nyuma ya mlango, amebeba ndoo, walipopita ujiani. Akamsikia Redio akinong'ona, na mnong'ono wa Redio ni sawa na sauti ya kawaida ya watu wengine.

"Nyumba inanuka, dada. Mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo, leo amekuwa hivi? Au imani nayo imemtoka?"

Pacha alimjibu jambo, tena kwa ukali, lakini walikuwa wameshafika nje na Chachu hakulisikia. Aliyoyasikia yalimtosha. Aliingia ndani akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Kisha mama, bila kugeuza kichwa, akasema kwa sauti iliyokauka, "Nimechoka kutazamwa, Chachu."

Wiki iliyofuata Chachu aliwaona kwa mbali, Pacha na Mkunga, wakija na kikapu. Hakupanga. Miguu ilimtoa nje yenyewe, ikamsimamisha getini. Aliwaamkia kwa adabu, na kabla hawajauliza lolote akasema kwamba mama hayupo. Amesafiri. Amekwenda kwa bibi, kupumzika.

Mkunga alisema ni vizuri, mtu mwenye jeraha arudi kwa mama yake. Akauliza Chachu anakaa na nani. Chachu akasema shangazi amekuja. Wakataka kumsalimu shangazi. Shangazi amekwenda sokoni. Na simu ya mama mbona haipatikani? Kwa bibi mtandao ni wa kubahatisha. Uongo ni kama panya: ukimwona mmoja, ujue ukutani wako kumi.

Pacha peke yake hakuuliza kitu. Alisimama akitazama kikapu. Kisha akasema, "Ameondoka bila kuniaga?"

"Aliondoka ghafla, mama mdogo," alisema Chachu.

Pacha alitikisa kichwa mara mbili. Aliacha kikapu, wakaenda zao. Chachu alikibeba ndani. Mama aliuliza nani alikuwa nje. Chachu akasema ni jirani, mtu pekee ambaye angeweza kushuhudia yaliyopita pale getini. Jirani huyo alikuwa mlinzi anayekesha kazini na kulala mchana kutwa, naye hakujua hata siku gani ni Jumapili.

Mtu asimhukumu Chachu haraka. Hakusema uongo ili apate kitu. Alitaka kumfunika mama yake, kama unavyomfunika mtu aliyelala shuka likamtoka. Lakini hakuijua desturi moja ya Dada wa Alhamisi, kwa sababu mambo ya namna hiyo yanapoandikwa, watoto huwa nje wakicheza. Mwenzao akisafiri, katibu huandika barua kwa akina mama wa kanisa la kule anakokwenda: dada yetu anakuja, ana furaha hii au ana msiba huu, mpokeeni. Barua hupewa msafiri yeyote wa basi, na kule akina mama wengine, wasiomjua, huvaa viatu wakaenda kubisha hodi. Jioni ileile Pacha, moyo wake ukiwa umevimba kwa kutoagwa, alikaa mezani akaandika barua hiyo. Aliiandika vizuri. Hasira yake aliiweka pembeni, maana barua ya dada si mahali pake.

Siku zikaenda, zote za rangi moja. Chachu alirudi shuleni, alipika, alimwinua mama akanywa vijiko vitatu vya supu. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, maana asipokwenda watakuja kuuliza. Watu wakimwuliza habari za mama, alijibu, salama. Neno hilo lilimtoka kama chenji inavyotoka kwa muuza duka, bila kulitazama.

Jioni moja, alipokuwa anafungua madirisha hewa iingie, mama aliuliza leo siku gani.

"Alhamisi," alisema Chachu.

Mama alikunja vidole juu ya shuka, kimoja kimoja.

"Hawaji," mama akasema. Hakuuliza, alisema tu, kama mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani. Kisha akaongeza, "Hata Pacha."

Chachu alisimama na mkono kwenye komeo la dirisha. Alijua angepaswa kusema nini. Lakini angeanzia wapi? Akisema walikuja, lazima aseme aliwafukuza. Akafunga dirisha lile alilokuwa ameshalifungua. Toka siku ile mama hakutaka tena hata vijiko vitatu. Alikuwa anapungua, mikono imekuwa kama ya mtoto wa shule. Chachu aliona na hakujua amwambie nani, maana wote wa kuambiwa alikuwa ameshawaambia salama.

Jumapili ya wiki ya nne tangu uongo ule, alikaa kwenye benchi la watoto, la tatu kutoka mbele. Ibada ilikuwa imefika kwenye matangazo, pale ambapo watu hukohoa na kugeuza miguu. Chachu alimwona Pacha akiingia kwa mlango wa pembeni akiwa na bahasha iliyofunguliwa. Begani alikuwa na begi la safari. Alimpa Mkunga bahasha. Mkunga akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasimama.

Alisema kwamba barua hiyo imeletwa alfajiri ya leo na msafiri wa basi, kutoka kwa akina mama wa kule kwa bibi yake Chachu. Walipopata habari kwamba dada anakuja na msiba wake, walikwenda nyumbani kwa yule bibi wakiwa na maziwa na blanketi. Hawakumkuta. Wakadhani hajafika, wakangoja, wakarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Bibi aliwaambia binti yake hajakanyaga pale tangu mwaka jana. Sasa bibi hali, halali, anakaa njiani akitazama kila basi linaloshusha watu. Wao wenyewe wameuliza vituo vyote vya njiani na hospitali mbili. Dada hayupo popote.

Kanisa likaanza kuguna, kama maji yanayokaribia kuchemka.

Mkunga alisema tusiongeze maneno, tuombe. Katibu anaondoka na basi la mchana huu. Atashuka kituo kwa kituo, ataingia kila hospitali na kila kituo cha polisi, mpaka apatikane. Mama mmoja aliyekuwa nyuma ya benchi la watoto alimwekea Chachu shali yake mabegani. Mwingine akampapasa kichwa. Walikuwa wanamgusa kama wanavyoguswa watoto waliofiwa.

Wote wakapiga magoti, wakafumba macho, na kanisa zima likaanza kumwomba Mungu amtafute mtu ambaye alikuwa mitaa mitano kutoka pale, amelala kitandani.

Chachu hakufumba. Alimtazama Pacha, aliyepiga magoti kwenye kona na begi lake begani, hakulitua hata kwa maombi. Soli ya kiatu chake kimoja ilikuwa imeachia upande. Chachu akawaza kituo kwa kituo, na soli ile. Aliinuka. Alipita kati ya migongo iliyoinama, akachuchumaa pembeni ya mama yake mdogo, akavuta mkono wa gauni lake. Akamwambia sikioni kwamba mama hakusafiri. Yuko nyumbani. Hakuna shangazi. Aliyedanganya ni yeye.

Pacha alifumbua macho. Hakusema amina wala hakusubiri ya mwisho. Alimshika Chachu kiganja, kwa nguvu kiasi cha kuumiza, wakatoka kwa mlango wa pembeni, sauti za watu zikiendelea kumwombea msafiri.

Uani Pacha alipiga simu moja, kwa namba ambayo akina mama wa kule waliiandika mwishoni mwa barua, akasema maneno machache: mwambieni bibi yuko hai, habari kamili baadaye. Kisha wakatembea. Wakapita mtaa wa kwanza, wakapita wa pili. Kwenye mtaa wa tatu Pacha alisimama katikati ya njia, mwendesha baiskeli akawakwepa na kuwatukana kidogo.

"Wiki nne nimemkasirikia mama yako," alisema. "Wiki nne, Chachu. Nilisema, kumbe miaka yote ile mimi si kitu kwake. Ningekwenda kumtafuta leo, lakini ningemtafuta na hasira yangu mfukoni."

Chachu alisema yeye alidhani anamsitiri. Akaeleza, akitazama chini, aliyoyasikia ujiani. Hakumtaja Redio kwa ubaya, alirudia maneno tu. Pacha alisema laiti angesikia na jibu alilopewa Redio siku ile, angejua kwamba mwenye mdomo ni mmoja na wenye moyo ni wengi. Lakini hakumkaripia zaidi. Kiganja alikuwa bado amekishika, ila sasa hakikuuma.

Chumbani mlikuwa na giza la mchana, mapazia yamefungwa. Mama alikuwa vilevile, mgongo kwa mlango. Pacha hakusema hodi wala pole. Alivua viatu, akatua begi, akapanda kitandani na gauni lake la kanisani, akalala nyuma ya mama, ubavu kwa ubavu. Kitanda kilikuwa kidogo. Mguu mmoja ulining'inia nje.

Kwa mbali mtu alikuwa anapiga misumari.

"Umechelewa," alisema mama.

"Nilielekezwa njia mbaya," alisema Pacha. Kisha akamwita Chachu asogee, akamwambia, "Mwambie mwenyewe. Mimi sikusemei."

Chachu alisimama miguuni mwa kitanda akasema yote, toka getini mpaka kanisani, bila kupamba. Aliposema kwamba walikuja na kikapu akawarudisha, mama aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona ana kwa ana mchana. Macho yake yalikuwa makubwa usoni. Alimtazama Chachu, akamtazama Pacha, akarudi kwa Chachu.

"Kumbe walikuja," alisema.

Alirudia neno hilo tu, polepole, kama mtu anayehesabu vidole baada ya kuanguka aone kama vyote vipo. Kumbe walikuja.

Haukupita muda, Mkunga na Redio wakaingia, wakihema, maana walipofumbua macho na kumkosa katibu na mtoto, waliuliza waliowaona njiani, wakawafuata. Chachu alirudia habari yake kwa mara ya tatu, na safari hii hakuweza kuruka yale maneno ya ujiani. Redio alisikiliza mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, stesheni ilikatika. Alikaa sakafuni, karibu na kichwa cha mama.

"Dada yangu," alisema baadaye, "huu mdomo wangu ungekuwa nywele, ningeusuka leo ukakaa. Nisamehe. Na wewe mtoto, unisamehe."

Mama aliinua vidole viwili kutoka kwenye shuka na kuvishusha. Redio alielewa. Akauliza maji ya moto yako wapi, akamwosha mama nywele palepale, kichwa ukingoni mwa kitanda na beseni chini. Alizifumua zilizojifunga kwa wiki nyingi, uzi kwa uzi, bila kuvuta. Hakuongea. Aliimba kidogo, chini kwa chini, akasahau, akaimba tena.

Mkunga alimpima mama joto na mapigo, akamwuliza maswali ambayo Chachu alitumwa nje yasiulizwe mbele yake. Alipomwita ndani alimweleza kama mtu mzima. Alisema huu ni ugonjwa. Hauna uhusiano na uvivu, wala na upungufu wa imani, na yeye ameuona kwa wanawake wengi baada ya kujifungua, hata waliobeba watoto wazima. Una matibabu, na kesho asubuhi watakwenda wote zahanati. Alijilaumu pia. Alisema yeye, mwenye kazi hiyo maisha yake yote, aliambiwa mgonjwa kasafiri akaona raha, akaenda kulala.

Kesho yake walikwenda, mama katikati, Pacha kulia na Mkunga kushoto. Daktari aliongea na mama kwa saa nzima, akampa dawa, akampangia kurudi kila wiki kuzungumza na mshauri. Aliandika pia karatasi ya kuongezewa likizo kule kiwandani. Toka hapo wakaja wawili wawili, asubuhi na jioni, kwa orodha ya Pacha. Huyu anafua, yule anakaa tu. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja kulala usingizi kwenye kiti, na mama alisema huyo ndiye alimsaidia kuliko wote, maana hakumtazama.

Chachu naye alipata adhabu yake. Pacha alimpa karatasi na kalamu, akamwambia awaandikie akina mama wa kule, na bibi, barua ya kuomba radhi, kwa mkono wake, bila kusaidiwa neno. Ilimchukua jioni mbili. Majibu yaliletwa na basi. Bibi alisema atakapomwona atamfinya sikio kwanza, halafu atambusu. Akina mama wa kule waliandika mstari mmoja: tumefurahi kwamba tulimtafuta bure.

Mama hakupona kama taa inavyowaka. Siku moja alikaa. Siku nyingine alilala tena mpaka jioni. Kuna asubuhi alipika uji ukaungua, akalia kwa ajili ya uji, na Mkunga akasema huo ni uji mzuri sana. Baada ya wiki sita alirudi kazini, nusu siku. Alirudi nyumbani na unga kwenye nyusi.

Ndipo zamu ya Alhamisi ikafika kwao. Chachu alipanga viti, vitatu vya kwao na vinne vya kuazima. Walikuja kumi na moja, wengine wakakaa kitandani. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, akawapokea mmoja mmoja.

Mkunga alisoma, wakaimba. Kabla ya maombi alimwita Chachu aketi karibu yake.

"Mwanangu," alisema, "ulimpenda mama yako, hilo hakuna wa kukunyima. Lakini mficha maradhi humzuia daktari, maradhi yakabaki ndani yanakula. Mungu anajua bila kuambiwa. Sisi ni wanawake tu, sisi mpaka tuambiwe. Ukitwambia salama, tutakwenda nyumbani kupika. Ukweli wa nyumba usiupeleke kila kona, lakini uwe na mlango mmoja au miwili ya kuupeleka, hata kama ni mchafu, hata kama unanuka. Kuitana dada bila kuambiana ni kupigiana kelele."

"Hapo nimesemwa mimi," alisema Redio, na watu wakacheka, na mama naye akacheka kidogo, akaweka mkono mdomoni kama aliyeshangaa.

Kisha wakaanza kuzunguka, kila mmoja akisema jambo moja la kuombewa, kama walivyozoea. Mmoja alitaja mguu wake. Mwingine mume wake na hasira zake. Redio aliomba aombewe kimya cha siku moja, akaambiwa Mungu naye ana mambo mengi. Pacha alisema hana la kuomba, ana shukrani. Mama alisema anaombea asubuhi, basi, asubuhi peke yake, mchana ataumudu.

Duru ikafika kwa Chachu. Watoto hawakuwa wakiulizwa, lakini Mkunga alimgeukia na wengine wakamgeukia, wakimngoja bila haraka. Chachu alitazama mikono yake. Akatazama nyuso zile, kumi na moja na moja ya mama yake. Neno salama lilikuwa pale pale mlangoni mwa mdomo, tayari, jepesi. Alilimeza.

"Mimi bado sijamlilia mdogo wangu," alisema.